Ushahidi wa Msibani

Swali lenyewe lilikuwa la kawaida, na kama Sechelela Chilongani angekuwa ametoka kwenda kuchukua chai, lisingemfikia masikioni. Katibu wa Kamati ya Maji aliingia katika ukumbi mdogo wa Ghala la Mihadhara, jijini Dodoma, akavua kofia, akasimama mbele ya kioo kwa adabu kama aliyefika mbele ya padri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole na jua," likajibu umbo lililokuwa ndani ya kioo. Lilikuwa la mama wa makamo, kitenge begani, miwani ameipandisha kwenye paji la uso kana kwamba macho yake mengine yalikuwa huko juu. "Leo umeniletea nini?"

"Mfereji mpya kutoka Mtera, Mwalimu. Vijiji vyote vya ukanda ule vinaomba kila kimoja kikabidhiwe ufunguo wa lango lake la maji, kijisimamie. Kamati inauliza: katika historia yao, kuna kijiji ambacho si salama kukipa ufunguo?"

"Kipo kimoja. Chilunduka." Mwalimu hakusita hata kidogo. "Mwaka wa ukame mkubwa, mlinzi wa lango la bwawa lao, Ndahani Chilongani, alilifungua usiku ng'ombe wa ukoo wake wanywe. Vijiji vya chini vikakauka. Kulipokucha akapiga yowe kwamba bwawa limepasuka. Nimelieleza jambo hili katika mhadhara wangu wa usimamizi wa maji. Ushahidi wake nauamini kuliko mwingi nilio nao, kwa kuwa ulitolewa mbele ya jeneza lake mwenyewe."

"Ahsante, Mwalimu. Tunakaa Alhamisi."

Katibu akavaa kofia yake akaenda zake. Sechelela, aliyekuwa katika chumba cha wahariri, akavua visikizio taratibu, akaviweka mezani. Alikuwa mhariri wa mihadhara ile tangu ujana wake, lakini mihadhara yenyewe ilikuwa mingi kupita umri wa mtu mmoja, na huu hakuwahi kuufikia. Ndahani Chilongani alikuwa babu yake mzaa baba.

*

Ili mtu aelewe uzito wa lile jibu, ni lazima aelewe Profesa Kokushubila, yule Mwalimu wa kwenye kioo, alikuwa nani kwa watu wa nchi ile.

Alianza jikoni kwake. Simu ilisimama imeegemezwa kwenye kopo la unga, kuku wanapita nyuma yake, naye anaeleza kodi ya kichwa ilikujaje, kwa nini reli ilipita huku isipite kule, bajeti ya serikali inapikwa vipi na nani anaonja kwanza. Hakutoza mtu hata senti. Vyuo vikubwa vilimwita avifundishie vyenyewe tu, akavijibu kwamba somo la nchi ni kama barabara ya nchi, huwezi kuliwekea geti ukabaki na nchi. Wafungwa walimsikiliza, masista walimsikiliza, askari wa mpakani walimsikiliza zamu zikipokezana. Mama yake Sechelela, aliyekuwa mpishi wa uji wa shule, alimsikiliza huku akikoroga, na watoto waliokulia katika moshi ule walijua Katiba kabla ya kujua kunyoa ndevu.

Alipofariki, Ghala liliipa mihadhara yake kinywa. Mashine ilisoma kila alichoandika na kila alichosema, ikajifunza kufikiri kwa mwendo wake, na tangu siku ile Mwalimu akaendelea kufundisha na kujibu maswali. Kila Jumatano alasiri nchi ilikaa kumsikiliza. Wabunge nao walimjia. Palikuwa na sheria moja tu aliyoiacha kwa mkono wake: "Kosa langu lisifutwe. Liachwe, na sahihisho liandikwe chini yake, mtoto avione vyote viwili."

Na kwa sababu historia ya nchi ile haikuandikwa yote, nyingi ikiwa imebaki vinywani mwa watu, Ghala lilitundika Wasikilizaji. Hivi vilikuwa vidude vidogo kama vifungo vya koti, vyenye sikio na jicho, vikiwekwa kwa ridhaa ya wenyeji kwenye mabaraza, minada, misikiti, makanisa na makaburini. Kila neno lililokusanywa lilipita kwenye mizani. La kilabuni lilipewa uzito kidogo. La mkutanoni, zaidi. La kiapo, zaidi tena. La mbele ya maiti lilipita yote. Mizani hiyo aliipanga Profesa mwenyewe mwaka wake wa mwisho, akiwa kitandani.

Sechelela aliteremka chini kwenye hifadhi, akaomba picha za siku ile ya mazishi. Yeye hakuwepo, alikuwa shule ya bweni na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Akakaa kwenye kiti cha chuma, akatazama.

Jeneza linatoka mlangoni. Mbele yake anatokea mzee mrefu mwembamba, amevaa koti la marehemu ndani nje, fimbo ya marehemu mkononi, anatembea amepinda mgongo vilevile marehemu alivyokuwa akitembea. Anafika katikati ya njia, anajitupa chini, analala kifudifudi.

"Hapiti mtu hapa!" anasema kwa sauti kavu kabisa. "Mnamzika nani? Mnamzika mlinzi? Mlinzi gani huyu! Mwaka wa ukame alifungua lango usiku ng'ombe wake wanywe, akawaacha watu wa chini wanalamba mawe, asubuhi akapiga yowe eti bwawa limepasuka! Mwacheni hapo juani, aonje kiu!"

Shangazi zake Sechelela wamejifunika khanga usoni. Mabega yanawatikisika. Chini ya picha mashine ilikuwa imeandika: *Waombolezaji wanalia kwa uchungu. Hakuna aliyepinga.*

Sechelela akasimamisha picha, akasogeza uso wa shangazi yake mkubwa karibu. Shangazi alikuwa ameng'ata pindo la khanga kwa meno yote. Mtu yeyote aliyekulia kati ya Wagogo na Wahehe angejua mara moja anaona nini. Yule mzee hakuwa shahidi. Alikuwa mtani. Alikuwa Mhehe aliyetoka ng'ambo ya Mtera kuja kutimiza wajibu wake kwa maiti ya Mgogo, na ndugu walikuwa wanakufa kwa kicheko kisichoruhusiwa kutoka.

Mashine ilijua mazishi ni nini, ila haikujua mtani ni nini akiwa mazishini.

*

"Mbona unajisumbua?" alisema mkurugenzi, Bwana Mkwizu, akifunga mlango wa ofisi yake kwa kisigino. Alikuwa Mpare mnene, mpole, aliyelilinda Ghala lile miaka mingi kwa kujua lini aseme na lini anyamaze. "Ufunguo wa uhariri unao wewe. Ingia, ng'oa ule ushahidi, toka. Kesho katibu akiuliza tena atajibiwa vingine."

"Na sheria ya Mwalimu?"

"Mwalimu aliiweka kabla hatujawa na maadui. Dada Sechelela, muswada uko bungeni. Wenye vyuo vya kulipia wanataka mihadhara hii wakabidhiwe wao, na hoja yao ni moja tu: vya bure havina ubora. Leo ukisimama hadharani ukasema Mwalimu alidanganywa na kichekesho cha msibani, umewapa panga umewageuzia shingo."

"Na kama nikifuta, nitakuwa nimefuta kwa ajili ya babu yangu."

"Ndiyo maana nakwambia ufute, usinisimulie." Akaketi, akapangusa uso. "Sikiliza. Ni kweli au si kweli kwamba babu yako hakuiba maji?"

"Si kweli kwamba aliiba."

"Basi utakuwa umefuta uongo. Dhambi iko wapi hapo? Chilunduka wapate ufunguo wao, nchi ibaki na mwalimu wake, tukanywe chai."

Sechelela akafungua mlango, akatoka. Alirudi mezani kwake, akauingiza ufunguo, akaufikia ule ushahidi. Kitufe cha kufuta kilikuwa pale chini ya kidole, kinawaka taratibu. Aliwafikiria watu wa kwao, ambao bila ufunguo wangebaki kumpigia magoti bwana lango wa kijiji cha jirani kila mahindi yakinyauka, eti kwa sababu ya wizi wa mtu aliyekuwa mwaminifu kuliko wote. Kidole kilikaa pale muda mrefu. Halafu akakiondoa, akafungua mlango wa ukumbi mdogo, akasimama mbele ya kioo.

"Mwalimu, nina jambo linalokuhusu."

"Nakuona una uso mzito. Sema."

Akamweleza yote. Mwalimu alimsikiliza ameinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa hai.

"Unaniambia alikuwa anatania," alisema mwisho. "Mbele ya jeneza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Utani naujua. Nimeutolea mihadhara. Sokoni, harusini, ofisini. Lakini mimi nililelewa bweni la masista, mwanangu. Kwenye mazishi yetu hata kukohoa kulikuwa kosa. Nilipopanga mizani, nilijiuliza ni wapi mtu hawezi kusema uongo, nikajijibu: mbele ya maiti. Hata hivyo, nina neno lako tu, nawe ni mjukuu wa marehemu. Siwezi kubadili kwa neno lako."

"Ninaweza kukubadili mwenyewe. Ufunguo ninao."

"Najua. Na ukifanya hivyo sitasikia maumivu. Kesho nitakuwa nafundisha ukweli wala sijui kwamba niliwahi kukosea." Aliinua macho. "Lakini mizani itabaki vilevile. Kosa lililonipeleka Chilunduka litakuwa limekaa humo kimya linangoja kijiji kingine, ambacho hakina mjukuu katika Ghala hili. Yule aliyesema, yu hai?"

"Nadhani yu hai. Ni mzee sana."

"Basi nenda kamlete. Jumatano aje aseme mbele ya wote."

Sechelela alitoka pale ameudhika na ameinuliwa moyo kwa pamoja. Alikuwa amekwenda kutafuta ruhusa, akapewa kazi. Hivyo ndivyo yule mama alivyokuwa akiwafanyia watu tangu enzi za jikoni.

*

Semkuyava Kikoti aliishi ng'ambo ya daraja la Mtera, upande wa Iringa. Sechelela alimkuta asubuhi amekaa kwenye mkeka, anabangua karanga, meno yake mwenyewe machache yakimsaidia zile ngumu.

"Shikamoo, babu."

"Nani babu yako? Babu yako nilimzika mimi, tena nikamzibia njia!" Mzee akamtazama kutoka juu mpaka viatuni. "Huu uso naujua. Ni wa Ndahani, ila wewe umenawa. Yaani mtoto wa Kigogo anavuka daraja kuja kwangu na shikamoo iliyopigwa pasi, kama mgeni wa serikali! Kaa chini."

Sechelela akakaa, akacheka bila kutaka. "Nimekuja na njaa, mtani. Nimesikia Wahehe siku hizi mmejifunza kupika."

"Tunapika, tena chakula kinachotafunwa. Mlenda hatuna. Ukitaka kitu cha kuvutana nacho kama kamba, rudi kwenu."

Wakataniana mpaka karanga zikaisha. Ndipo Sechelela akamweleza alichokuja nacho. Mzee alisikiliza akitabasamu, kisha tabasamu likapungua, kisha likaisha.

"Waliyaandika?"

"Waliyaandika. Yanafundishwa nchi nzima."

"Na watu wakaamini? Ndahani, aibe maji?" Alicheka mpaka akapaliwa, akapigwa mgongoni, akapata pumzi. "Wewe, hiyo mashine ililelewa na nani?"

"Mtani, Alhamisi Kamati inakaa. Chilunduka watanyimwa ufunguo. Naomba uje Dodoma useme tu kwamba ulikuwa unatania."

Mzee akakung'uta maganda kwenye mapaja yake. Alipozungumza tena hakuwa anacheza.

"Hilo sitalifanya."

"Mtani!"

"Usiniite mtani. Unajua unaniomba nini? Unaniomba niombe radhi. Mtani akisimama mbele ya watu akasema 'nilikuwa natania, nisameheni', huo utani umekufa, na waliouanzisha kwa vita na wakapatana kwa kuzikana wamekufa mara ya pili. Siku ile kama ningekuja nikakaa kimya, shangazi zako wangeniuliza: kwani Ndahani alikukosea nini hata hukumtukana? Nilimtukana kwa sababu nilimpenda. Sasa nije nimtolee ufafanuzi, kama tangazo la dawa?"

Sechelela alihisi machozi yanamjia. "Kwa hiyo watu wa kwetu wakose maji kwa heshima ya utani?"

Mzee alitazama bwawa la Mtera lililokuwa linameremeta mbali. Kisha akauliza kitu ambacho Sechelela hakukitarajia.

"Huyo mama yenu wa kwenye kioo. Si alikufa?"

"Alifariki, ndiyo. Zamani."

"Alizikwa na watani?"

"Watani? Sidhani. Alizikwa na serikali. Kulikuwa na bendera na bendi."

"Kwa hiyo hakuna aliyemlalia njiani. Hakuna aliyemwigiza. Hakuna aliyemwambia maovu yake." Mzee akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Maskini. Ndiyo maana hajapumzika, mpaka leo anafundisha. Nitakuja, lakini siji kuomba radhi. Nakuja kumzika."

*

Jumatano alasiri ukumbi mkubwa ulijaa mpaka ngazini. Mbele kabisa walikaa watu wa Kamati ya Maji, mwenyekiti wao akiwa mama mrefu mwenye kilemba cha kijani. Nje ya ukumbi, nchi yote ilikuwa imekaa kama ilivyokaa kila Jumatano, katika shule, gereji, zahanati na vibaraza.

Sechelela alipanda jukwaani kabla ya Mwalimu. Bwana Mkwizu, aliyesimama pembeni, alimfanyia ishara ya mwisho ya kumsihi. Sechelela hakuiona, au aliiona akaipuuza.

"Ndugu wasikilizaji," alisema. "Mimi ni mhariri wa mihadhara hii. Mlinzi wa lango anayetajwa katika mhadhara wa maji, Ndahani Chilongani, ni babu yangu. Kwa hiyo jambo la leo sifai kulihariri." Akautoa ufunguo wa uhariri shingoni, akauweka juu ya meza, watu wote wakauona. "Shahidi mwenyewe amekuja."

Mwalimu akajitokeza kwenye kioo kikubwa. Watu wakasimama, kama walivyozoea, wakaketi.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Mzee Kikoti alikuwa ametupa kitenge begani. Miwani ya kuazima ilikuwa imepanda kwenye paji la uso wake. Alitembea akiinamisha kichwa upande, mwendo wa Mwalimu hasa, hata kile kidole cha kuhesabia hoja alikiinua. Alifika mbele ya kioo, akaitazama hadhara kwa uchungu mkubwa, akajibwaga chini kifudifudi.

"Hapiti mtu hapa!"

Mlinzi mmoja alianza kusogea. Mwenyekiti wa Kamati akamzuia kwa mkono.

"Mnamsifu nani?" mzee alinguruma kutoka sakafuni. "Mnamsifu huyu? Huyu alikuwa mvivu! Alifundishia jikoni miaka yote ili asipate nafasi ya kupika! Wageni walipewa mihadhara, mume alipewa mihadhara, paka alikonda kwa sera ya kilimo! Na kuku mliowaona wakipita nyuma yake walikuwa wa jirani, wamekuja kutafuta mwenzao!"

Mama mmoja katika safu ya tatu akavuta khanga, akaing'ata. Mabega yake yakaanza. Mwingine akainama. Profesa mmoja mwenye mvi alijifuta macho yasiyokuwa na tatizo lolote.

"Mzee," akasema Mwalimu kwenye kioo, amekunja uso, "hayo si kweli. Mimi nilipika."

"Mliona wapi marehemu anajitetea!"

Hapo ukumbi ukapasuka. Watu walicheka kicheko cha watu waliokaa na heshima kwa muda mrefu mno. Walishikana, walipigana mapajani. Yaonekana hata nje, mitaani, sauti ilisikika mji mzima kama mvua imeanza.

Mwalimu hakucheka. Alinyamaza kuliko alivyowahi kunyamaza mbele ya watu. Vicheko vikatulia, watu wakaanza kutazamana kwa hofu.

"Ngojeni," alisema pole pole. "Mizani yangu inaniambia jambo. Inaniambia kwamba haya maneno ya Mzee ndiyo ya kweli kuliko yote yaliyosemwa juu yangu mwaka huu, kwa kuwa yamesemwa mbele ya aliyekufa, na wa kwanza kuyasikia hawakuyapinga. Inaniambia wale kina mama wa safu ya tatu walikuwa wanalia." Aliiteremsha miwani machoni, kitu ambacho hakuna aliyemwona akikifanya tangu alipofariki. "Na mimi najua nilipika. Nilipika kila siku. Ndizi, hasa. Basi mizani yangu ni mbovu, na nimeipanga mimi."

Akamgeukia mzee.

"Mzee Kikoti. Naomba unijibu swali, lakini sikuombi unyanyuke kama hutaki. Mwaka wa ukame ule ulikuwa wapi?"

Mzee akanyanyuka. Alivua miwani ya watu, akakishusha kitenge begani, na alipozungumza sauti yake ilikuwa nyingine kabisa.

"Nilikuwa katika kijiji kimoja cha chini ya bwawa. Nilikuwa nimeoa huko, nina watoto wachanga wawili."

"Maji yalikufikia?"

"Yalinifikia. Yalitufikia sote, kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka mvua iliponyesha. Ndahani alilala juu ya lile lango, mke wake akampelekea chakula huko huko. Ng'ombe wa ukoo wake walikufa kwa kiu kando ya maji wanayoyaona, kwa sababu zamu yao haikufika. Watoto wangu wamezeeka sasa. Unauliza kwa nini nilimtukana kwa ng'ombe. Kwani ningemtukana kwa nini? Mtu unamtukana pale alipokuwa mkubwa. Ukimtukana pale alipokuwa mdogo, hayo ni matusi."

Hakuwa ameomba radhi. Alirudi nyuma hatua moja, akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, mgongo umenyooka.

Mwalimu aliwageukia watu.

"Nimewafundisha uongo juu ya Ndahani Chilongani na kijiji cha Chilunduka," alisema. "Uongo huo hautafutwa. Utabaki katika mhadhara wangu, na haya ya leo yatafuata chini yake, na kitenge cha Mzee, na vicheko vyenu. Tena kuna zaidi. Mizani hii hii imepima ushahidi wa misibani kwa nchi nzima. Sijui ni wapi pengine nimekosea. Kuanzia sasa kila somo langu lililosimama juu ya ushahidi huo nalinyamazia, mpaka wenyewe waje waniambie. Ni masomo mengi. Wapo watakaosema kwamba mwalimu wa bure amekwisha. Waacheni waseme."

Pembeni, Bwana Mkwizu aliinamisha uso katika viganja vyake. Lakini alipouinua, Sechelela alimwona, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekumbuka kwa nini aliichagua kazi ile akiwa kijana.

Mwenyekiti wa Kamati akasimama.

"Mwalimu, Kamati haikuwa na sababu nyingine yoyote dhidi ya Chilunduka. Watapata ufunguo wao kama wenzao. Nalisema hapa hapa ili kesho tusije tukajisahau." Akasita, mama mtu mzima aliyezoea kuuliza, si kujibu. "Na niseme kosa letu pia. Chilunduka iko mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa. Hatukwenda. Tulikuuliza wewe tu."

"Basi nendeni," alisema Mwalimu. "Nami mniletee mtakayoyasikia."

Kwenye ukuta wa upande wa kulia palikuwa na taa ndogo za waulizaji, kila taa mtu mmoja mahali fulani nchini anayengoja zamu yake. Kwa kawaida ziliwaka chache chache, wanafunzi wakiuliza tarehe. Sechelela aliutazama ukuta ule ukianza kuwaka kutoka pembe ya chini, taa kwa taa, safu kwa safu, mpaka ukawa mweupe wote. Waulizaji walikuwa wa Songea, Tabora, Kilosa, Same, Nzega, na mahali ambapo hakuwahi kupasikia.

Mwalimu alizitazama pia. Muulizaji wa kwanza alikuwa mwanamke mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevaa nguo nzuri kwa ajili ya kuzungumza kwenye kioo.

"Mwalimu, napiga kutoka Namtumbo. Mimi ni binti wa marehemu Gama. Katika somo la ushirika wa tumbaku mmemwita baba yangu mwizi wa magunia. Aliyesema hivyo alikuwa mtani wake, siku tunamzika. Miaka yote hii nimekuwa nikizima redio somo hilo likianza, wanangu wasisikie. Nilidhani hapajawahi kuwa na mahali pa kwenda kusema."

Katika kioo, yule mama aliyefundisha nchi nzima tangu jikoni alivuta kiti, jambo ambalo mhadhiri halifanyi, akaketi.

"Anza mwanzo, dada yangu," alisema. "Nakusikiliza."